China ilijifungia bahari kwa nini?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Tunaambiwa merikebu za China zilifika Malindi, na twiga akapelekwa kwa mfalme wao. Mbona nasoma kwamba Wachina hao hao walikatazwa kwenda baharini? Waliogopa nini? (Msomaji, Lamu)

JIBU: Marahaba. Katazo lilitangulia, mwanangu. Hongwu, mfalme wa kwanza wa nasaba ya Ming, aliwapiga raia marufuku kwenda baharini mwaka 1371. Zheng He, amiri wa merikebu hizo zilizofika Malindi, alianza safari zake 1405. Wala Zheng He hakuvunja sheria. Merikebu zake zilikuwa za serikali, na twiga wa Malindi, aliyepokewa 1415, alihesabiwa kuwa hidaya kwa mfalme. Aliyekatazwa ni mfanyabiashara wa kawaida kutweka tanga kwa faida yake.

Hongwu aliwahofia maharamia wa Japani, pamoja na mabaki ya wapinzani wake waliokimbilia visiwani. Lakini Fujian, jimbo la pwani ya kusini-mashariki, ni milima tupu. Mtu wa kule akinyimwa bahari, atakula nini? Wakaingia kwenye magendo, na kufikia miaka ya 1550 wengi wa hao “Wajapani” walikuwa Wachina. Kinara wao, Wang Zhi, alikuwa mfanyabiashara wa Huizhou aliyehamia Japani. Aliomba biashara ifunguliwe, akajisalimisha kwa ahadi, akaishia kukatwa kichwa Hangzhou. Namwonea huruma nusu tu, kwa sababu maharamia hao walichoma miji na kuua watu.

Ninayempenda mimi ni Zhu Wan, ofisa aliyeteketeza bandari ya magendo ya Shuangyu mwaka 1548. Alilalamika kwamba kuwamaliza wezi wa kigeni ni rahisi, wezi wa Kichina ni vigumu, na wezi waliovaa majoho ya heshima ndio vigumu kupita wote. Hao wa majoho, matajiri wa pwani wenye fungu lao katika magendo, walimchongea mpaka akavuliwa cheo. Akanywa sumu.

Jemadari Qi Jiguang alikuja kuwapiga maharamia kwa askari aliowafunza mwenyewe, wengi wao watu wa Yiwu. Hata hivyo, mwaka 1567 serikali ilifungua bandari ya Yuegang, huko Fujian, kwa vibali na ushuru, isipokuwa kwa safari za Japani. Uharamia ukapoa.

Nasaba ya Qing, iliyofuata Ming, nayo ikarudia katazo, tena kwa ukatili zaidi. Kuanzia 1661 watu wa pwani ya kusini walihamishwa bara kwa nguvu na nyumba zao kuchomwa, ili Zheng Chenggong, jemadari wa upande wa Ming aliyeendelea kupigana na Qing, na wafuasi wake wakose chakula na watu. Biashara ya bahari haikuruhusiwa tena hadi 1684, mwaka mmoja baada ya Taiwan, ngome ya wafuasi hao, kusalimu amri.