Presha haishuki? Kapimeni na potasiamu

Kama una mgonjwa wa presha nyumbani anameza dawa tatu na bado haishuki, alafu analalamika miguu inakaza usiku, hana nguvu na kila saa anaamka kukojoa, muombe daktari apime potasiamu, yale madini ya mwilini, kwenye damu, msiishie kufungwa ile mashine mkononi na kurudi nyumbani. Namuuguza mama mkwe huku Moshi na kwetu jibu lilianzia hapo, kiwango kinatakiwa kiwe 3.5 mpaka 5.0, cha kwake kilikuwa chini kabisa ya hapo.

Basi ndugu wakaja na ushauri, mama apewe ndizi, mama apewe parachichi, mtori asubuhi na jioni. Jamani, uchagani kuna mtu ana shida ya ndizi kweli? Mama kala ndizi tangu anazaliwa. Potasiamu ilikuwa inaingia vizuri tu, ila yote inaishia kwenye mkojo.

Daktari akatueleza hivi, juu ya kila figo kuna katezi kadogo kanaitwa adrenali, na moja ya homoni zake ni aldosteroni. Figo kwa siku zinachuja kama lita 180 za maji na karibu yote yanarudi kwenye damu pamoja na sodiamu yake, ile iliyomo kwenye chumvi, ila kile kidogo kinachofika kwenye vijibomba vya mwisho vya figo ndio aldosteroni inakiamulia, inarudisha sodiamu mwilini na potasiamu inatoka badala yake. Ukiwa umeharisha na maji yamepungua hiyo inakuokoa, figo zinatoa renini, kemikali ya kuiita aldosteroni, aldosteroni inapanda, mwili unashikilia chumvi yake. Sasa kuna watu tezi inamwaga aldosteroni bila hata kuitwa, sodiamu inajaa, presha inapanda, potasiamu inakwisha. Conn, daktari wa Marekani, ndiye aliyeieleza hali hii mwaka 1955. Inapimwa kwa kuangalia aldosteroni na renini kwa pamoja, ya kwanza inakuwa juu na ya pili chini. Ya mama ndio ilikuwa hivyo, na usishangae ukiambiwa sampuli inapelekwa mbali au bei imechangamka.

Sasa kitu ambacho naona watu wengi hawaambiwi: kwa mgonjwa wa hivi, kadri anavyokula chumvi ndivyo anavyopoteza potasiamu, kwa sababu sodiamu nyingi ikifika kule mwisho wa figo inabadilishana na potasiamu nyingi zaidi. Kwa hiyo kabla ya kuongeza ndizi punguza chumvi, na WHO wanasema isizidi gramu 5 kwa siku kwa mtu mzima yeyote. Chumvi ya mezani tuliiondoa bila ugomvi. Ugomvi ulikuwa kwenye magadi! Magadi nayo ni sodiamu, hata kama hayana ladha ya chumvi, na huku ukipika kiburu au maharage bila magadi unaonekana hujui kupika. Tukamwambia mama tutaloweka maharage usiku kucha yaive bila magadi, akanuna, ila anakula. Vile viungo vya mchuzi vya kwenye vipaketi navyo soma nyuma, vingi ni chumvi.

Alafu akaanzishiwa spironolaktoni, hii inaizuia aldosteroni isifanye kazi kwenye figo. Hapa muwe makini sana maana mambo yanageuka, potasiamu sasa inaweza kupanda kupita kiasi na ikipanda sana inavuruga mapigo ya moyo, hasa kama figo zimechoka au anameza na dawa za presha kama losartani au enalapili. Zile chumvi mbadala za dukani nyingi zimetengenezwa kwa potasiamu, usimpe bila kumuuliza daktari, na damu irudiwe kupimwa tarehe mliyopangiwa hata kama anajisikia mzima. Na majibu yakija juu ghafla wakati mgonjwa hana shida yoyote, muulize daktari kama kipimo kirudiwe haraka siku hiyohiyo, maana chembe za damu zikipasuka kwenye chupa zinamwaga potasiamu na namba inadanganya.