Re: Mzabuni wa taka anadai hela, gari halionekani

Pole sana jirani. Kwa hiyo mzabuni anadai 3,000 kila mwezi, gari lina wiki tatu halijapita, na mkigoma kulipa anawatishia mahakama. Sisi wa mlimani Mabatini, hapa Mwanza, yalitukuta hayohayo.

Kwanza msigome kienyeji. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inaipa halmashauri jukumu la taka ngumu. Mzabuni ni wakala tu, ana mkataba na masharti yake. Nenda kwa mtendaji wa mtaa, omba kuona mkataba unasema apite mara ngapi kwa wiki. Akikuzungusha, andika barua, baki na nakala yenye mhuri.

Kilichotusaidia sisi ni daftari la shilingi mia tano. Mama mmoja muuza dagaa, kibanda chake kipo pale gari linapogeuzia, aliandika kila siku lilipokuja na lisipokuja. Kwenye mkutano wa mtaa msimamizi wa mzabuni alianza kubisha, akaonyeshwa daftari, akanywea! Afisa afya wa kata alikuwepo pia. Mwalikeni wa kwenu.

Kama gari haliwezi kupanda kwenye mawe, pendekezeni vijana wa toroli washushe taka hadi barabarani, ila walipwe na mzabuni, siyo nyie tena.

Lipeni kwa risiti tu. Na msitupe kwenye mfereji usiku: mvua ikinyesha taka zinaingia mto Mirongo, kisha ziwani, na ukikamatwa faini ni yako. Ikija hati ya mahakama, usiipuuze, tafuta msaada wa kisheria mapema.