Plagi Imegoma Kutoka? Usikimbilie Kushusha Hedi

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia akiwa amekata tamaa. Plagi tatu za gari lake, zile zinazotoa cheche ndani ya injini, zimetoka, ya nne imegoma, na fundi aliyeitwa kusaidia amesema hakuna njia ila hedi, yaani kichwa cha injini, ishuke. Niliposoma ujumbe ule moyo uliniuma, maana maneno hayohayo niliwahi kuambiwa mimi, tena mbele ya watu. Fundi aliniona nimeshika racheti akasema gari si mali ya kujifunzia. Sikumjibu. Nililirudisha gari nyumbani na plagi yake ileile, na kesho yake jioni nilikuwa nimeishika mkononi, kauri yake nzima, hedi haijaguswa. Ninayo mpaka leo. Nyuzi zake za chini, kama zile za skrubu, zimeganda masizi meusi, magumu kama lami iliyokauka, na hapo ndipo nilipoona kilichokuwa kinaishikilia.

Plagi nyingi zinazogoma zinashikiliwa na mambo mawili. La kwanza ni hayo masizi, yanayojijenga kwenye nyuzi zilizochungulia ndani ya chemba ya kuwakia mafuta. La pili ni kutu. Mwili wa plagi ni chuma na hedi za magari mengi ya leo ni alumini, na metali hizi mbili zikikutana na unyevu zinalana polepole mpaka zinashikana. Ongeza kwamba plagi za iridiamu hukaa hata kilomita 100,000 bila kuguswa, na kwamba aliyezifunga mara ya mwisho huenda alikaza kwa hasira. Basi usishangae ikikataa.

Sasa sikilizeni, kwa sababu hapa ndipo watu wanapoharibu. Anza kazi wakati injini imepoa kabisa. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma kwa joto lilelile, na ikiwa ya moto nyuzi zake hung'oka kirahisi. Toa koili au waya zinazopeleka umeme kwenye plagi, zipe alama, kisha puliza shimo la plagi kwa upepo kabla hujagusa chochote. Vaa miwani. Mchanga uliomo mle ukidondokea kwenye silinda utasaga pistoni na kuta zake, na hapo ndipo hedi itashuka kweli.

Mimi nilimimina mafuta ya kulegeza kutu kuzunguka kitako cha plagi nikaenda kulala. Ndiyo, nikalala. Asubuhi nikaweka soketi ya plagi, ile yenye mpira ndani, nikahakikisha imekaa wima. Soketi ikiinama kidogo tu, kauri inavunjika. Nikavuta taratibu mpaka nikasikia mlio mkavu, “kak!”, na plagi ikasogea kama robo ya mzunguko. Mtu mwingine angeshangilia na kuendelea kuvuta. Nilisimama. Nikaongeza mafuta, nikasubiri, kisha nikairudisha ndani kidogo. Toka kidogo, rudi kidogo, ongeza mafuta. Kila ilipoanza kulia na kuwa nzito niliirudisha. Kazi hii ilinila sehemu kubwa ya siku na sitawachosha nayo, ila jueni kwamba kurudisha ndani ndiko kunakosaga masizi na kuyatoa kwenye nyuzi. Anayevuta upande mmoja tu anayaburuta masizi yale juu ya alumini laini, na plagi inatoka na nyuzi za hedi zimeambatana nayo.

Ikikataa kabisa hata kusogea, rudisha koili na plagi ulizotoa, kisha washa injini dakika chache tu, ipate uvuguvugu unaoweza kuugusa kwa mkono, uzime ujaribu tena. Usipulize mafuta kwenye injini ya moto, yanaweza kushika moto.

Zipo injini ambazo ubishi wake unajulikana. Ile ya Ford ya lita 5.4 yenye valvu tatu kwa kila silinda, iliyofungwa kwenye F-150 kuanzia 2004, ilitoka na plagi ndefu za vipande viwili. Masizi yanashika ncha, na ukivuta kwa pupa kipande cha chini kinabaki ndani ya hedi. Ukiwa na injini ya namna hiyo, tafuta kwanza utaratibu wake maalumu.

Ndugu zangu, tumelelewa kuamini kwamba fundi hodari ni yule mwenye mkono mzito. Tunaongeza bomba kwenye spana, tunapanda juu yake, halafu tunamlaumu mwenye gari. Acheni. Plagi inataka subira, na subira haiuzwi gereji. Kama huna siku nzima ya kuipa, usiianze. Nawaambia kwa uchungu kwa sababu nimeona hedi nzuri zikitobolewa na kuwekwa nyuzi bandia bila ulazima wowote.

Ikishatoka, iangalie. Kahawia hafifu ni afya. Nyeusi yenye masizi makavu, petroli inaingia nyingi mno kwa hewa iliyopo. Iliyolowa oili, oili inapita mahali. Nyeupe yenye malengelenge, injini inachemka kupita kiasi.

Kufunga mpya, chomeka kichwa chake kwenye kipande cha bomba la mpira la petroli na uizungushe kwa vidole. Ikiingia upande, mpira utateleza kabla hujaharibu nyuzi. Ikifika mwisho, yenye washa mpya, ile pete ya chuma kitakoni, ongeza nusu ya mzunguko hadi theluthi mbili. Yenye kitako cha mteremko, isiyo na washa, moja ya kumi na sita ya mzunguko tu inatosha. Mwenye spana ya kupimia, plagi yenye washa ya milimita 14 kwenye alumini hukazwa kwa nyutoni mita 25 hadi 30, ya milimita 12 kwa 15 hadi 20. Grisi ya kuzuia kugandana usipake kama watengenezaji wa plagi hawakuagiza, kwa kuwa utelezi wake hukufanya ukaze kupita kipimo bila kujua.