Kipimo cha DNA kwa minyoo ya kondoo

SWALI: Ndugu Mhariri, kondoo wangu wanazidi kukonda ingawa nimewanywesha albendazoli, dawa ya minyoo, na maabara imeniandikia tu kwamba mavi yao yana "mayai ya strongili, mengi". Nasikia kipimo cha DNA hutaja aina yenyewe ya mnyoo. Je, kinamfaa mfugaji mdogo?
Mfugaji, Moroto

JIBU: Ndugu mfugaji, maabara haikufanya uzembe: strongili ni jina la kundi zima la minyoo wa tumbo na utumbo. Haemonchus contortus, anayenyonya damu katika tumbo la nne, na Trichostrongylus, ambaye aina zake nyingi hukaa katika utumbo mwembamba, hutaga mayai yanayofanana mno hata mtaalamu mzoefu hawezi kuyatenganisha kwa hadubini ya kawaida. Njia ya zamani ni kuyaotesha mavi wiki moja au zaidi mpaka mayai yaanguliwe, kisha kuwatambua lava, yaani minyoo wachanga, kwa umbo la mkia.

Kipimo cha DNA hakingoji hayo. Mayai hutengwa na mavi, maganda yake magumu huvunjwa, na DNA husafishwa kwa uangalifu, kwani mavi yana kemikali zinazozuia PCR, yaani njia ya kuzidisha nakala za DNA. Kisha huzidishwa kipande cha DNA kiitwacho ITS-2, ambacho hutofautiana baina ya aina na aina. Hata hivyo, asilimia za kila aina utakazoletewa si hesabu ya minyoo iliyomo tumboni: jike la Haemonchus huweza kutaga mayai 5,000 au zaidi kwa siku, ilhali la Trichostrongylus hutaga mia chache tu.

Wala ITS-2 haisemi kama dawa imeshindwa. Usugu dhidi ya albendazoli hutafutwa katika jeni ya beta-tubulini, protini ya mnyoo inayolengwa na dawa hiyo, kwa kutazama mabadiliko katika nafasi za 167, 198 na 200. Kwa maoni yangu, anza na kilicho rahisi: mayai yahesabiwe siku ya kunywesha dawa na tena siku ya 14, huku dozi ikifuata uzito wa kila kondoo, kwa sababu dozi pungufu huleta picha ileile ya usugu. Yasipopungua kwa asilimia 95, hapo DNA ina thamani, na sampuli za kondoo kadhaa zikichanganywa utalipia kipimo kimoja. Mwombe daktari wa mifugo wa wilaya akuulizie Chuo Kikuu cha Makerere.

Mavi yachukuliwe moja kwa moja kutoka kwenye njia ya haja kwa glavu na yasafirishwe katika baridi, maana kwenye joto mayai huanza kuanguliwa ndani ya siku moja. Wakati huohuo funua ukope wa chini wa jicho: ndani yake pakiwa peupe, kondoo huyo ana upungufu wa damu, naye atibiwe bila kungoja majibu.