Rangi Zangu Hugeuka Tope

SWALI: Mhariri, nimekuwa nikijifunza kuchora kwa miezi michache. Michoro yangu ya penseli inaridhisha, lakini kila nikitia rangi za maji picha nzima huwa kama tope. Je, ninunue rangi nyingine?

JIBU: Huenda rangi zako hazina kosa lolote. Tope hilo kwa kawaida hutokana na kuchanganya rangi nyingi mno, hasa zile zinazokabiliana katika duara la rangi, yaani mchoro wa mviringo unaopanga rangi kwa mfuatano, kama vile nyekundu na kijani, au buluu na rangi ya chungwa, ambazo zikikutana hufifishana na kuzaa kahawia au kijivu. Kwa sasa changanya rangi mbili tu kwa wakati mmoja, tenga chombo kimoja cha kusuuzia brashi na kingine cha maji safi, na usipake tabaka la pili kabla la kwanza halijakauka kabisa. Kumbuka pia kwamba katika rangi za maji weupe ni karatasi yenyewe, hivyo mchoraji huanza na rangi hafifu na kuelekea kwenye nzito. Mahali pa mwanga pakishafunikwa, ni vigumu kuparejesha.

Hata hivyo, ninashuku kwamba tatizo lilianzia kwenye hiyo michoro inayokuridhisha. Wanafunzi wengi hutumia penseli ya HB, ile ya ugumu wa wastani, peke yake, na vivuli vyao vyote hubaki vya kijivu kimoja. Tafuta 2B na 6B, ambazo ni laini na nyeusi zaidi, kisha uchore yai lililoangazwa na taa moja tu, ukirudia hadi uone tofauti ya ngazi tano za mwanga na kivuli, ndipo urudie brashi.