"Mwisho wa siku" ni saa ngapi?

Wiki hii mmeuliza: usemi "mwisho wa siku", tulioutoa kwenye Kiingereza "at the end of the day", una maana gani hasa, na tuendelee kuutumia? Mimi ni katibu wa kikoba, kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, huku Mbagala, Dar es Salaam, na jibu langu nimelipata kwa bibi mmoja, mwanachama wetu.

Tulikuwa tunakaribia kuvunja kikoba, yaani kugawana akiba zetu, marejesho ya mikopo yanasuasua, watu wana wasiwasi. Nikasimama kuwatuliza: "Jamani, mwisho wa siku kila mtu atapata chake." Kikao kikafungwa, watu wakatawanyika. Magharibi adhana inalia, nikamkuta bibi yule bado kaketi barazani kwa mwenyekiti, khanga begani, kitabu chake cha hisa kakishika kwa mikono miwili mapajani.

"Bibi, mbona hujaenda nyumbani?"

"Si umesema mwisho wa siku, mwanangu? Jua ndilo hilo limekuchwa."

Niliona aibu kubwa, maana bibi hakukosea hata chembe. Siku kwa Kiswahili inaisha jua likizama. Watu wa pwani hata usiku wanauhesabu hivyo: usiku wa Ijumaa ni ule unaofuata mchana wa Alhamisi, kwa kuwa jua likishatua siku nyingine imeingia. Mwingereza akitamka usemi wake hazungumzii jioni. Anataka kusema kwamba ukishapima yote, la msingi ni hili. Sisi tumehamisha neno kwa neno, tukitaraji kila anayetusikiliza ajue Kiingereza kilichojificha nyuma yake.

Waingereza wenyewe umewachosha. Mwaka 2004 Plain English Campaign, kundi la huko linalotetea lugha nyepesi, liliwauliza wafuasi wake ni semi zipi zinawaudhi, na huu ukashika nafasi ya kwanza. Sishangai. Msikilize mchezaji akihojiwa baada ya mechi: "Mwisho wa siku tunahitaji pointi tatu." Ondoa maneno matatu ya mwanzo, pointi tatu ziko palepale.

Sikatai lugha kuazima. Meza na shule tumeviazima na hakuna anayelalamika. Vijana wakiambiana "mwisho wa siku" kijiweni, wanaelewana, waendelee. Lakini penye fedha ya mtu, dozi ya mgonjwa au tarehe ya kesi, naomba tuuache. Wako watakaosema tutumie hatimaye, au mwishowe, au mwisho wa yote. Ni Kiswahili safi, nayapenda, ila hata ningeyatumia siku ile bibi angebaki bila jibu. Yeye alitaka kujua lini, nami nilikuwa nimejificha nyuma ya maneno mazuri kwa sababu tarehe sikuwa nayo.

Siku hizi kabla sijasimama kikaoni namuuliza kwanza mhazini. Kisha nasema: "Jumamosi ijayo, saa nne asubuhi, hapahapa barazani. Njooni na vitabu vyenu."