Makro ya kusafisha memori yenyewe kwenye C

SWALI: Mambo wakuu, nina fankshoni ya C yenye malloc tatu (za kuomba memori) na return kama sita hivi, kila siku nasahau free moja (ya kuirudisha) memori inavuja, eti kuna makro inasafisha yenyewe?

JIBU: Ipo, ila sio C ya kawaida, ni nyongeza ya kompaila za GCC na Clang inaitwa cleanup. Unaandika:

#define SAFISHA __attribute__((cleanup(achia)))
SAFISHA char *jina = NULL;

Basi jina likitoka tu kwenye bloku lake, hata kwa return ya katikati, kompaila inaita achia(&jina), achia ni fankshoni unayoiandika mwenyewe. Cheki hiyo &, inapeleka anwani ya jina, maana yake achia inapokea char **p, ndani uandike free(*p) sio free(p), mimi hapo nilishakesha. NULL (pointa tupu) nayo usiiache, ukirudi kabla ya malloc uta-free takataka. Ukitaka kurudisha jina lenyewe, lihamishie pointa nyingine kwanza halafu jina = NULL, la sivyo unampa mwenzio memori iliyoshaachiwa. Ukitoka kwa exit() haifanyi kazi. Kama unatumia maktaba ya GLib usijisumbue, makro yake g_autofree ipo tayari, hata kerneli ya Linux iliweka ya kwake 2023.